Fuko wa Karakana ya Mapazia

Kaka yangu alifanya kazi chini ya sakafu karibu maisha yake yote, na watu wa karakana walimwita Fuko. Hakukasirika. Alisema fuko ana nyumba yake na hapokei wageni, sasa binadamu gani mwenye raha kama hiyo?

Naanza na jengo lenyewe, maana asiyelielewa jengo hatauelewa ugomvi. Karakana yetu ilitengeneza mandhari ya jukwaani: miti ya mbao, kuta za karatasi ngumu, ngazi zisizofika popote, na zaidi ya yote mapazia, yale maturubai makubwa yanayotundikwa nyuma ya waigizaji, yamechorwa mji au bahari au anga. Jengo lilikuwa jembamba na refu kwenda juu, mfano wa kabati la nguo. Aliyelijenga zamani alikuwa na sababu zake. Pazia lilipigiliwa misumari kwenye fremu iliyosimama wima, kubwa kuliko ukuta wa nyumba ya kawaida. Mchoraji hapandi ngazi. Anasimama palepale na brashi yake, fremu ndiyo inayopanda na kushuka mbele ya uso wake. Ikipanda inafika darini. Ikishuka inazama kwenye mwanya uliokatwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na chini ya mwanya kuna shimo la kina cha ghorofa nzima. Humo shimoni ndimo ilimokuwa winchi, mashine ya mkono ya kuivuta fremu kwa kamba, na aliyeizungusha alikuwa Kaka.

Juu kabisa, chini ya bati, kilikuwa chumba changu. Mimi ni mshonaji, niliunganisha vipande vya turubai mpaka vipate upana wa pazia. Katikati, kando ya mwanya, alisimama Dada na ndoo zake za rangi. Hakukuwa na mtu aliyejua kupaka anga kumshinda, wakamwita Bi Mbingu. Basi tulikuwa ndugu watatu jengo moja: mimi juu, Dada katikati, Kaka chini. Marehemu Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba wenzake wamezaa watoto, yeye amezaa ghorofa.

Ukiwa shimoni humwoni mchoraji, na misumeno ya maseremala haikuruhusu mtu kuitana. Kwa hiyo walizungumza kwa bomba. Lilikuwa bomba la chuma la maji ya mvua, limetoka pale juu kwenye bati, likapita chumbani kwangu, likapita kwa Dada, likaishia shimoni. Dada aligonga kwa mpini wa brashi. Mara moja, pandisha. Mara mbili, teremsha. Mara tatu, shika hapo hapo. Kaka alijibu kwa kugonga mara moja, yaani nimesikia. Kila walichosemezana kilipanda mpaka kwangu.

Halafu Mama akaugua. Niliomba ruhusa nikae naye nyumbani, maana mimi ndiye kitinda mimba na sikuwa na wa kumsukumia. Asubuhi moja pumzi zake zikabadilika, zikawa za kuvuta kwa mbali. Nikamtuma jirani yetu, mwanamke mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi, akimbie karakana. Akafika, akasimama mlangoni akapaza sauti: "Mama yenu anaondoka, njooni!"

Dada alikuwa katikati ya anga.

Hapa msinihukumie dada yangu kabla sijaeleza. Bahari unaipaka leo na kesho. Msitu unaweza kuuacha ukaenda kunywa chai. Anga haikungoji. Inapakwa mbichi juu ya mbichi, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, rangi hii ikiifuata ile kabla haijashika. Ukisimama katikati panakauka mstari, na mstari ule hata uupake mara ngapi, taa za jukwaani zikiwashwa utaonekana. Turubai lote limekwenda, na kazi ya watu wengi pamoja nalo.

Dada akamwambia jirani, "Namalizia hapa, nakuja sasa hivi." Akagonga bomba mara moja. Kaka akapandisha. Akagonga tena, akapandisha tena. Walipofika nyumbani, wote wawili jasho linawatiririka, nilikuwa nimekwisha mfumba Mama macho.

Kaka alisimama pale mlangoni akamtazama Mama. Kisha akamgeukia Dada. "Haya," akasema, "mbingu yako imekauka vizuri?"

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia kwa miaka kumi na kitu.

Mtu angedhani mmoja wao angetafuta kazi kwingine. Wapi! Kila asubuhi Kaka aliteremka ngazi zake za shimoni, Dada akafunga aproni, fremu ikapanda na kushuka kama kawaida. Ningependa kumlaumu mtu, lakini nalilaumu jengo. Liliwaruhusu kununiana bila kuachana. Wangekuwa na duka la pamoja wangelazimika kusema, hata kama ni kutukanana. Pale ilitosha kugonga bomba.

Nje ya kazi mimi ndiye niliyekuwa simu yao. Kaka alikaa nami kwenye nyumba ya Mama, chumba cha nyuma. Dada alipanga mtaa wa pili. "Mwambie dada yako brashi zake zinadondosha, rangi inaniingia utosini." Naenda, namwambia. "Mwambie kaka yako kofia zilivumbuliwa zamani." Narudi, namwambia. Siku nyingine nilichoka nikawaka: "Nendeni mkaambiane wenyewe, mimi si spika!" Wakanyamaza wote wawili, kila mmoja kwake, na mimi nikabaki najiona mbaya. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nililima mimi. Kapu likabaki ukutani likafuga buibui.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Jioni, fremu ikishafungwa, hakuna cha kupandisha wala cha kuteremsha, Dada aligonga bomba mara moja. Unapita ukimya. Kisha kutoka shimoni, taratibu, mara moja. Ndipo wanaondoka, Dada kwa mlango wa mbele, Kaka kwa mlango mdogo wa nyuma. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo. Mimi kule juu niliacha sindano nikasikiliza. Nilikuwa na ombi moja tu duniani, wasemezane kabla mmoja wao hajafa, na kule kugonga kwa jioni ndiko kulikonipa matumaini, mjinga mimi.

Lile shimo halikuwa mahali pa mtu. Mvua ikinyesha maji yalichuruzika kwenye kuta. Vumbi la rangi na harufu ya gundi vilishuka kwenye mwanya na havikuwa na pa kutokea. Kaka akaanza kukohoa, kwanza asubuhi, halafu siku nzima, kikohozi kinapanda kwenye bomba mpaka chumbani kwangu. Na Dada pale katikati alikuwa anasikia pia. Nilimwona akisimamisha brashi hewani, amengoja kiishe, ndipo akaendelea.

Wakubwa wakaamua kujenga karakana mpya, jengo la zamani livunjwe. Wakaleta msanifu wa majengo, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa udongo, akatuuliza mmoja mmoja tunataka nini. Nilipenda hivyo, wengi hawaulizi. Mimi nikamwambia dirisha na feni, akanipa vyote. Maseremala wakataka mlango ambao ukuta wa jukwaa utatoka mzima bila kukatwa vipande, akawapa mlango wa kusukuma, mpana kiasi cha kupitisha lori. Kisha akafika kwa Dada. Nilikuwa nimeshuka na bunda la turubai, nikajifanya ninalikunja vizuri.

"Shangazi," akasema, "pazia lisimame au lilale?" Akamweleza. Likisimama, atachimba shimo jipya, ni kazi kubwa lakini atachimba. Likilala, atamwekea ukumbi mpana wa sakafu ya mbao, pazia litatandikwa chini, apake kwa brashi za mpini mrefu akitembea, na juu ukutani atajengewa roshani ya kupanda aitazame kazi yake kwa mbali.

Dada aliutazama mwanya wa sakafuni. Kwa chini, Kaka alikuwa anakohoa.

"Lilale," akasema.

Nilimngoja kijana wa watu aondoke, nikamvaa Dada. "Umemfukuza! Jengo lisilo na shimo, yeye atafanya nini? Umemfukuza ndugu yako mbele ya mgeni!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Lile shimo linamwua," akasema. "Nikimwambia atoke, atatoka? Hatatoka, ataona namtawala. Shimo lisipokuwapo atatoka."

"Basi mwambie hivyo. Maneno hayo hayo, mwinamie kwenye mwanya umwambie."

Akachukua brashi yake akaanza kuikamua maji, na hakukuwa na maji. "Mwambie wewe," akasema.

Nikaenda kumwambia. Ningefanyaje? Nilimkuta Kaka amekaa juu ya sanduku la vipuri, anafuta grisi vidoleni kidole kimoja kimoja. Nikamweleza yote, kifua chake, unyevu, jinsi dada yake anavyosimamisha brashi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni yake kuyasema," akanijibu. "Wewe usiyachoshe meno yako."

Siku ya mwisho ya karakana ile walipaka pazia dogo, ukumbi wa mfalme, kazi isiyo na anga. Likaisha mapema. Maseremala wakawa wanabeba mabenchi yao nje. Fremu ikashushwa ikafungwa, na Dada akagonga bomba mara moja.

Nikaacha sindano. Nilingoja. Ukapita ule ukimya wa kila siku, ukapita na mwingine. Nikashuka ngazi mpaka katikati. Dada alikuwa amebandika sikio kwenye bomba, mkono mmoja umeshika mpini wa brashi, tayari. Hakugonga mara ya pili. Mara tukasikia kitasa cha mlango mdogo wa nyuma, na kikohozi kikielekea barabarani.

"Labda hakusikia," nikasema.

"Amesikia," akasema Dada, akalia pale pale mbele ya maseremala, bila hata kujifunika uso.

Jengo jipya lilikuwa zuri, siwezi kumsingizia kijana wa watu. Mwanga uliingia kutoka paani ukaenea sawasawa, hewa ilipita, sakafu ilikuwa ya mbao laini inayopokea misumari. Kulikuwa na sheria moja: hakuna kiatu kwenye ukumbi wa rangi. Wapakaji wote walitembea peku kandokando ya turubai, mpini mrefu mkononi. Na kulikuwa na jingine ambalo halikuhitaji kuandikwa popote, rangi mbichi haikanyagwi. Mpakaji mgeni akikosea hata kwa kidole cha mguu, Dada alimkaripia mpaka akaona haya. La zamani walilivunja, na vifusi vyake ndivyo walivyojazia shimo.

Kaka walimpa kazi ya kutunza stoo. Akaikataa. Akakaa nyumbani chumba cha nyuma, kifua kinazidi. Dawa zilimpa nafuu kidogo, kisha zikaacha kumpa. Daktari alitwambia mapafu yamechakaa, tumpumzishe tu. Dada alikuja kila jioni. Aliishia jikoni. Aliniletea matunda, akaniuliza amekula nini, amelala vipi, akamsikiliza kupitia ukutani akikohoa, akaondoka. Mimi nikirudi chumbani Kaka ananiuliza, "Ameondoka?" Namjibu ameondoka. "Haya." Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

"Mwite basi," nikamwambia siku moja. "Unangoja nini, Kaka? Unangoja akuandikie barua?"

Akageukia ukutani.

Nikahamishia cherehani yangu nyumbani ili nisimwache. Ikafika asubuhi ambayo pumzi zake zilianza kuvuta kwa mbali, na mimi pumzi zile nilikuwa nazijua. Nilikuwa nimeketi mahali pale pale nilipoketi kwa Mama. Sikuweza kumwacha. Nikafungua dirisha nikamwita jirani, yule yule, sasa mguu mmoja unamsumbua na anatembea kwa kuegemea kuta. "Nenda karakana mpya," nikamwambia. "Mwambie dada yangu." Hakuniuliza amwambie nini. Akachukua mtandio wake, na nilipomwona anavyojikokota mtaani nikajua tumechelewa. Nikakaa nikamshika Kaka mkono, nikaanza kumkasirikia Dada kabla hata hajakosa. Nilikuwa najua leo ni siku ya anga. Alikuwa ameniambia jana yake jikoni: anga kubwa kuliko zote alizopata kupaka, turubai limejaza ukumbi, limebakiza ujia mwembamba tu kandokando ya kuta.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa baadaye na wapakaji wenzake. Jirani alisimama kwenye ule mlango mkubwa, pumzi zimemwishia, akasema, "Bi Mbingu, kaka yako." Basi. Dada alikuwa upande wa pili kabisa, mgongo karibu na ukuta, anga yote mbichi iko kati yake na mlango. Njia ilikuwa kuzunguka kandokando, polepole, nyuma ya ndoo na mapipa. Wapakaji wakaanza kumsogezea ndoo. Yeye akauangusha mpini, akakanyaga turubai, akakata katikati. Alitembea juu ya anga yake mwenyewe mpaka mlangoni, aproni inaburura. Barabarani alipita vile vile, peku.

Nilisikia mlango wa mbele ukisukumwa. Hakuishia jikoni. Alikuja moja kwa moja chumba cha nyuma akasimama mbele ya kitanda, anahema. Nyuma yake, kwenye sementi, kulikuwa na nyayo za buluu. Zilikuwa zimefifia kwa vumbi la njia, lakini aproni ilikuwa ikimdondoshea rangi miguuni na kila hatua ilionekana, kutoka kizingitini hadi hapo alipo.

Kaka alifumbua macho. Hakumtazama usoni. Alitazama miguu.

"Nini hiyo?" akauliza. Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Rangi," akasema Dada.

"Anga?"

"Anga."

"Umeikanyaga?"

"Nimepita katikati. Mlango ulikuwa ng'ambo."

"Mbichi?"

"Mbichi, Kaka."

Akataka kucheka, kikohozi kikamwahi. Dada akakaa kitandani akamwinua kichwa, akamwegemeza kifuani kwake mpaka kikaisha. "Umeharibu kazi, wewe," Kaka akasema.

"Nimeharibu. Na iharibike."

Nilidhani yameisha, na yangetosha. Kisha Kaka akasema, "Siku ile ya Mama, nilimsikia jirani. Misumeno ilikuwa imesimama, sauti ikashuka kwenye mwanya neno kwa neno. Ningeuachia mkono wa winchi ungepaka nini wewe? Sikuuachia. Uligonga, nikazungusha."

"Najua," akasema Dada.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile. Nikaona ni afadhali unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe."

Kaka alimtazama usoni sasa. Machozi yalimtoka, na hakuwa na nguvu za kuyafuta. Dada alimfuta kwa kiganja, akamwachia buluu shavuni.

"Ile jioni ya mwisho uligonga," akasema Kaka.

"Niligonga."

"Nilisikia. Nilikuwa na hasira tu."

"Basi," Dada akamwambia, "yameisha, usichoke." Akaendelea kumshikilia hivyo hivyo. Kaka hakusema tena. Alipumua kifuani kwa dada yake mpaka alasiri, pumzi moja ikichelewa kuifuata nyingine, halafu ikachelewa ambayo haikuja. Dada alikuwa wa kwanza kujua. Alinigeukia na uso wa mtoto mdogo. "Amesema nami," akaniambia. "Umesikia mwenyewe, sivyo? Amesema nami."

"Nimesikia," nikamwambia.

Jirani alikuwa amesharudi, na habari zikatangulia kufika mtaani. Watu wangeanza kuja muda si mrefu. Yule mama wa watu, na mguu wake mbovu, hakutaka wageni waikute nyumba katika hali ile. Nikatoka chumbani nikamkuta ukumbini amepiga magoti, ndoo ya maji pembeni, kitambaa mkononi, ameshaanza kuufuta unyayo wa kwanza pale kizingitini. Nilimnyang'anya kile kitambaa, na Mungu anisamehe, sikumnyang'anya kwa upole.

"Acha," nikamwambia. "Leo hapadekiwi hapa."